Injekta Zikikosa Nguvu: Pima Betri na Athi Kabla ya Kukihukumu Kisanduku

Ilikuwa mwezi wa Julai, kusi imeshika, na mvua ya usiku haijakauka barabarani. Simu iliniamsha saa kumi na moja alfajiri. "Ami, gari lazunguka tu, haliwaki. Nina mgonjwa wa kumpokea Mokowe, anavushwa kwa boti kutoka Lamu."

Gari lenyewe ni Ford F-350 ya usukani wa kushoto, injini ya dizeli ya lita 6.0, lililoletwa kutoka Marekani likiwa tayari ni ambulensi. Usukani wa kushoto hausajiliwi Kenya kwa matumizi ya kawaida, ila magari ya kazi maalumu kama ambulensi na zimamoto huruhusiwa, ndiyo maana moja moja huonekana huku kwetu. Stata ilikuwa ikizungusha, moshi mweupe ukitoka, injini inashika sekunde mbili halafu inazima. Gereji moja ilikuwa imeshamwambia dereva kwamba kisanduku cha injekta kimekufa na aagize kingine. Hakuna aliyekuwa amekipima.

Ninaandika hatua hizi kwa fundi na kwa dereva pia, kwa sababu nimeona visanduku vizima vikitupwa na vipya vikiuawa ndani ya miezi michache na ugonjwa uleule ulioviua vya kwanza.

Kisanduku kinafanya kazi gani

Injekta za injini hii, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda, hazifunguki kwa volti 12 za betri. Kati ya betri na injekta kuna kisanduku cha alumini kilichokaa juu ya kifuniko cha valvu, upande wa kushoto wa injini. Mafundi tunakiita FICM, kifupi cha Fuel Injection Control Module. Ndani yake mna bodi mbili. Moja ni ya akili, inayoamua injekta ipi ifunguke na lini. Ya pili ni ya nguvu, inayochukua volti 12 na kuzipandisha hadi 48. Kila injekta ina koili mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga, na hizo volti 48 ndizo zinazosukuma kijiti cha valvu ili oili ya injini yenye shinikizo kubwa iingie na kuisukuma dizeli ndani ya silinda. Volti zikishuka, kijiti kinachelewa au hakifiki mwisho. Dizeli inaingia pungufu au nje ya wakati wake, haiungui yote, ndipo unapoona ule moshi mweupe na kusikia injini ikikohoa.

Jambo la kushika ni hili: bodi ya nguvu haizalishi umeme, inaubadilisha tu. Ukiipa volti chache inabidi ivute ampia nyingi zaidi ili itoe 48 zilezile. Ampia nyingi ni joto, na joto pamoja na mtikiso wa injini ndiyo yanayopasua lehemu kwenye bodi. Kwa hiyo betri iliyochoka haikukwamishi asubuhi moja tu. Inakitafuna kisanduku kila unapowasha gari.

Wenzetu wa nchi za baridi hugundua ugonjwa huu mapema, kwa sababu bodi iliyopasuka lehemu huwa mbaya zaidi ikiwa baridi, na oili nzito ya asubuhi inaongeza kazi ya injekta. Malindi usiku wa kawaida haushuki sana chini ya nyuzi 22. Hitilafu inajificha muda mrefu, dereva anaona tu kwamba asubuhi gari linasitasita kidogo kisha linatulia likipata moto. Likija kukataa kabisa, ugonjwa ni wa siku nyingi. Ukiona gari linakohoa asubuhi na kunyooka baada ya dakika kumi, usingoje likukwamishe Garsen.

Vifaa

Mita ya dijitali inayosoma volti za DC hadi 200, waya zake zikiwa nzima. Bisibisi ya nyota ya T20, spana za kawaida, brashi ya waya, msasa laini, balbu moja ya taa kubwa ya volti 12 yenye waya mbili zilizounganishwa, na mtu wa kukuwashia. Skana inayosoma magari ya Ford ni ya msaada mkubwa, lakini bila hiyo kazi bado inafanyika. Vua pete na saa ya chuma. Funga breki ya mkono, weka gia kwenye P.

Hatua ya kwanza: gari lilale

Usipime gari lililotoka safari. Lehemu iliyopasuka ikipata joto hutanuka na kugusana tena, mita ikakuonyesha 48 nzuri kabisa, ukamrudishia mwenyewe gari bovu. Mwambie dereva aliache usiku kucha na asijaribu kuliwasha kabla hujafika. Hili la pili husahaulika, nami husisitiza kwa simu na kwa mdomo. Dereva mwenye bidii hujaribu mara tano alfajiri, na unapofika betri imeshachoka na huwezi kujua nani mgonjwa.

Hatua ya pili: betri mbili, kila moja peke yake

Gari hili lina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Zikiwa zimeunganishwa, nzima huifichia aibu mbovu, na mbovu huinyonya nzima. Tenganisha nyaya za hasi za betri zote mbili, kisha pima kila betri juu ya vichwa vyake. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu, 12.2 imebaki nusu, na 12.0 kushuka chini ihesabu haina kitu, ichaji kwanza kabla ya kuendelea.

Volti za betri iliyotulia hazitoshi kukuambia kama ina nguvu. Mjini wapo wenye vifaa vya kupima betri kwa mzigo. Mzigo wa nusu ya ampia za kuwashia zilizoandikwa kwenye betri, kwa sekunde 15, usiishushe chini ya volti 9.6. Ikishindwa, badilisha zote mbili kwa pamoja, za aina moja na umri mmoja. Najua bei ya betri mbili inauma. Ukichanganya mpya na kuukuu, ile mpya itazeeka kwa haraka ya mwenzake.

Zirudishe, kisha weka mita kwenye betri mojawapo mwenzako akiwasha. Ufunguo ukifunguliwa utaona volti zikishuka, hizo ni plagi za joto zinavuta. Wakati stata inazunguka, zisishuke chini ya volti 10. Injini ikikubali kuwaka, altaneta iwe inaleta kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Chini ya hapo betri hazijazwi vizuri hata kama taa ya dashibodi imezima.

Hatua ya tatu: athi na nyaya, na hapa usiharakishe

Athi ni njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha injini na cha gari. Huku pwani, hapa ndipo nimekuta wagonjwa wengi kuliko kwenye bodi ya kisanduku yenyewe. Hewa ya bahari ina chumvi. Gari likipita Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, vumbi linalolirukia ni chumvi tupu. Na kuna jambo tunalojifanyia wenyewe: kuoshea injini kwa maji ya kisima. Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya magadi. Ukiyapiga kwa presha ndani ya boneti, maji yanakauka, chumvi inabaki ndani ya soketi na chini ya ganda la waya. Kama lazima injini ioshwe, tumia maji ya bomba, pulizia kwa hewa soketi zote baadaye, na usielekeze presha kwenye kisanduku.

Kutu ya kijani ya shaba hutambaa ndani ya ganda. Waya kwa nje unang'aa kama mpya, ndani umebaki nyuzi chache. Mita ukiweka bila mzigo itasoma 12.6 kamili, kwa sababu hata uzi mmoja unatosha kuisomesha mita. Mzigo ukija, uzi huo haupitishi kitu. Ndiyo maana athi hupimwa stata ikiwa inazunguka, na hupimwa hivi:

Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja iguse kichwa chenyewe cha hasi cha betri, ile risasi ya katikati, si klampu iliyoishika. Ncha ya pili iguse chuma safi cha bloku ya injini. Mwenzako apige stata. Mita isizidi volti 0.5, na mimi hutaka iwe chini ya 0.2. Kila kinachozidi hapo ni umeme unaopotelea njiani. Rudia kwa betri ya pili. Rudia tena kati ya kichwa cha hasi na bodi ya gari. Halafu nenda upande wa chanya: kichwa cha chanya cha betri hadi boliti kubwa ya stata, nako isizidi 0.5.

Stata isizungushwe zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Ipumzishe dakika mbili.

Kwenye ile ambulensi, athi ya betri ya kulia ilisoma 0.15. Ya kushoto ilisoma 1.9. Karibu volti mbili zilikuwa zinapotea kwenye waya wa urefu usiofika mita moja. Niliukata ganda mbele ya dereva, unga wa kijani ukamwagika mkononi mwangu.

Waya wa namna hii usiusafishe kichwa ukadhani umepona. Kata nyuma hadi ukute shaba nyekundu inayong'aa, na ukikata inchi nne bila kuikuta, badilisha waya wote, wa unene uleule au zaidi. Kichwa kipya kibanwe kwa koleo la kubania, kivikwe ganda la kusinyaa kwa moto lenye gundi ndani. Utepe mweusi peke yake hautoshi kwa pwani, unashika unyevu na kuufungia ndani. Palipo na asidi nyeupe sugua kwa maji yenye soda ya kuokea, suuza kwa maji matamu, kausha, ndipo ufunge, na ukishafunga paka vaselini kwa juu. Usipake kabla ya kufunga.

Hatua ya nne: kupima kisanduku chenyewe

Baada ya kujua umeme unafika, ndipo kisanduku kihojiwe. Juu yake limekaa tangi la maji ya kupozea injini. Fungua boliti zake mbili ulisogeze kando bila kuchomoa mipira. Injini imelala usiku kucha kwa hiyo maji ni baridi, lakini usifungue kifuniko cha tangi, huna haja nacho.

Utaona kibati kidogo juu ya kisanduku, kimeshikwa kwa skrubu mbili za T20. Kitoe. Chini yake kuna safu ya skrubu, nne kwenye visanduku vingi, saba kwenye baadhi ya vya mwanzo. Ncha nyeusi ya mita iwe kwenye hasi ya betri. Fungua ufunguo bila kuwasha, kisha gusa skrubu moja moja kwa ncha nyekundu hadi ukute ile inayosoma karibu na 48. Hiyo ndiyo yako. Ncha ya mita isiteleze ikagusisha skrubu mbili au mwili wa kisanduku, kwa kosa hilo la nukta moja utakiua kile ulichokuja kukiokoa. Mimi huivika ncha yote ganda la waya, nikaacha milimita mbili tu za chuma.

Soma mara tatu. Kwanza ufunguo ukiwa umefunguliwa tu, unaposikia injekta zikitetema kama nyuki. Pili stata ikizunguka. Tatu injini ikiwaka, ikiwa itawaka. Andika namba zote tatu kwenye karatasi, pamoja na volti za betri za wakati uleule.

Wenye skana watazipata bila kufungua kibati: FICM_MPWR ndiyo zile 48, FICM_LPWR na FICM_VPWR ndizo 12 zinazoingia. Tazama pia kodi za hitilafu. P0611 inakilalamikia kisanduku, P1378 inalalamikia umeme unaokiingia. Mtu akikusomea P1378 akakuuzia kisanduku, muulize kwa nini.

Namba zinasema nini

Kati ya 47 na 49 nyakati zote tatu, kisanduku ni kizima, angalau upande wa nguvu. Usikiguse. Tafuta kwingine, na pa kuanzia ni shinikizo la oili ya injekta. Injini hii haiwaki kama shinikizo hilo halifiki kama psi 500 stata ikizunguka, na dalili zake zinafanana sana na za kisanduku kibovu.

Ikiwa 48 kwa ufunguo, halafu inashuka chini ya 45 stata ikizunguka, tazama namba ya betri uliyoandika pembeni. Betri nayo imeshuka chini ya 10? Basi kisanduku kinalia njaa, rudi hatua ya pili na ya tatu. Betri imebaki 10.5 au 11 na kisanduku bado kimeshuka? Hapo lawama inaanza kuwa yake, ila bado kuna waya wa kati wa kupima.

Ikiwa ni chini ya 45 tangu ufunguo kufunguliwa, na betri ina 12.5, bodi ya nguvu imechoka. Nimekuta 38, nimekuta 24. Ikisoma 12 au isisome chochote, huenda hakijaamka kabisa, kagua fyuzi na rilei yake, ile swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme.

Njia ya haraka ninayoipenda ukiwa porini: chukua betri ya tatu iliyo nzima, iunganishe sambamba kwa nyaya nene, athi yake ikiwa moja kwa moja kwenye bloku ya injini. Piga stata. Volti za kisanduku zikipanda hadi 48 na injini ikashika, umeshajua kwamba tatizo liko kwenye chakula, yaani umeme unaokiingia kisanduku. Kwa ile ambulensi ndivyo ilivyokuwa. Kisanduku kilitoka 41 hadi 47.5, gari likawaka, na dereva akatangulia Mokowe akiwa na athi mpya niliyoifunga kabla hajaondoka.

Waya wa kati

Kati ya betri na kisanduku kuna rilei, fyuzi, na fungu la waya linalopita juu ya kifuniko cha valvu. Fungu hilo huchubuka linaposuguana na vyuma. Lishike lote kwa vidole, pole pole, ukitafuta palipolainika au palipochanika. Rilei ibadilishane na nyingine ya aina ileile ndani ya boksi uone kama kuna tofauti.

Kisha balbu. Funga ufunguo, chomoa soketi ya umeme ya kisanduku, tafuta waya wa chanya na wa athi kwa mchoro wa gari, fungua ufunguo (kama mchoro unaonyesha kwamba rilei huamshwa na kisanduku chenyewe, iamshe kwanza kwa kuupa athi waya wake wa kuamsha), kisha uunganishe balbu ya taa kubwa hapo. Inavuta ampia zaidi ya nne, inatosha kuufichua waya dhaifu. Ikiwaka nyeupe, na mita ikionyesha tofauti isiyozidi volti 0.3 na betri, njia ni safi. Ikiwa nyekundu kama kaa la jiko, umeupata ugonjwa, na hujatumia hata shilingi.

Ukiwa umebaki unashuku lehemu, rudisha soketi, fungua ufunguo, na ukigonge kisanduku polepole kwa mpini wa bisibisi huku ukitazama zile 48. Zikirukaruka, kuna mpasuko ndani.

Kikishathibitika

Toa hasi za betri zote mbili, ngoja dakika kumi. Soketi ni tatu, zote zina kufuli, usizivute kwa waya. Usikitupe. Bodi ya akili imepangwa kwa gari hilo, na mara nyingi ni nzima. Inayokufa ni ya nguvu, nayo huuzwa peke yake, au fundi wa elektroniki mwenye mkono mtulivu akaichomelea upya lehemu zilizopasuka. Wapo wanaouza bodi za volti 58 kwa ahadi ya nguvu zaidi. Kwa ambulensi sikushauri. Injekta zilipangwa kwa 48, na gari la wagonjwa linatakiwa liwake, si lishindane.

Wenye Hilux na wenye Isuzu

Hilux na Prado nyingi za D-4D zenye injini ya 1KD zina kisanduku cha jamii hiyo kinachoitwa EDU, na kodi yake ya kawaida ni P0200. Betri, athi, rilei na balbu hupimwa vilevile. Tofauti ni kwamba EDU hupandisha volti kupita 80, na huzitoa kwa mapigo mafupi ambayo mita ya kawaida haiyasomi sawasawa. Usitie ncha za mita wala vidole kwenye waya wa injekta injini ikiwa inawaka, utarushwa. Pima chakula chake tu, na kama chakula ni kizuri, mpelekee mwenye osiloskopu, chombo kinachochora mapigo ya umeme.

Lori la volti 24, kama la Isuzu, lina betri mbili zilizofuatana, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine. Zipime moja moja. Zikitofautiana kwa zaidi ya volti 0.3, uliza kwanza redio na chaja ya simu zimeunganishwa wapi. Malori mengi ya chumvi niliyofungua yana mtu aliyechukua volti 12 kutoka betri moja tu. Ile moja haijai kamwe, nyingine inachajiwa kupita kiasi, na kompyuta ya injini inapokea umeme unaoyumba. Toa waya huo, weka kishushia volti kutoka 24 hadi 12, chaji betri kila moja peke yake usiku mzima, halafu asubuhi pima upya kuanzia hatua ya pili.